Koleo la Kukunja Katika Mkoba wa Safari

Kwa miaka mingi nilipokwenda kupiga kambi nilibeba kisu tu, nikiamini kwamba mwenye kisu kikali hakosi namna. Imani hiyo ilikwisha usiku mmoja wa mvua, zipu ya mlango wa hema ilipokataa kufunga: kichwa chake kilipita juu ya meno bila kuyaunganisha, na kisu changu hakikuwa na msaada wowote. Mwenzangu alitoa mfukoni koleo la kukunja, lile ambalo mikono yake huficha visu, bisibisi na msumeno mdogo, akakibana kichwa cha zipu upande mmoja, kisha upande wa pili, na mlango ukafunga. Kichwa cha zipu hutanuka kadiri kinavyotumika, hivyo kukibana kidogo kidogo hukirudishia uwezo wa kuyashika meno, ingawa ukizidisha nguvu kitakwama au kupasuka.

Kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1891 kilikuwa na bapa, msharasi, bisibisi na kifungulia makopo, lakini hakikuwa na koleo. Pengo hilohilo ndilo lililomsumbua Mmarekani Tim Leatherman mwaka 1975, alipokuwa akizunguka Ulaya kwa gari kuukuu lililoharibika mara kwa mara. Zana aliyoibuni ilianza kuuzwa mwaka 1983.

Kwa hiyo ninapochagua zana ya namna hii sihesabu vipande vyake, bali hutazama kwanza koleo: je, ncha zake zinakutana sawasawa, na je, zina wembamba wa kutosha kuchomoa mwiba uliozama katika soli ya kiatu? Kwa koleo hilo nimeinua sufuria iliyokatika mkono, nimefungua fundo la kamba iliyolowa, na nimenyoosha vigingi vya hema vilivyopinda. Msumeno wake hufaa vijiti tu; anayetaka kuni za usiku mzima na abebe shoka.

Chuma chake, hata kikiitwa kisichoshika kutu, huota madoa kikiachwa na maji ya chumvi, kwa hiyo hukiosha, hukikausha na kutia tone la mafuta kwenye maungio. Nikisafiri kwa ndege huliweka koleo langu katika begi linalokwenda chini ya ndege. La kwanza nililonunua nililisahau katika mkoba wa mkononi, nalo likabaki kwa wakaguzi.