Siku moja Efeso na msafara wa mahujaji, saa kwa saa

Saa zote zilizoandikwa hapa ni za Kiswahili, na mgeni wa Afrika Mashariki hana haja ya kugusa saa yake: tangu 2016 Uturuki haibadilishi majira, iko sawasawa na Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima. Msafara ni wa watu 24, wengi wao wa kanisani, mwezi ni Septemba, na mimi ni kiongozi wa msafara. Mwongoza watalii ni mtu mwingine. Sheria ya Uturuki inataka maelezo ndani ya magofu yatolewe na mwenye leseni, na leseni hiyo huvaliwa shingoni ionekane. Yeye anasema, mimi natafsiri. Kwa hiyo maelezo ya dakika kumi yanakula dakika ishirini, na hapo ndipo kazi yote ya siku ilipo: kuamua mapema nini kitaachwa.

Saa 11:30 alfajiri

Tumelala Kuşadası, mji wa bandari ulio kilomita 20 hivi kutoka magofu ya mji wa kale wa Efeso. Naanza na redio za masikioni. Kila kipokezi kinawashwa, kinawekwa kwenye chaneli ya kipaza sauti, na kusikilizwa, kimoja kimoja. Ukijaribu kimoja ukadhani vyote ni vizima, utagundua ukweli mbele ya kundi zima. Vipaza sauti vinakwenda viwili, na vipokezi vitatu vya akiba. Tatizo kubwa zaidi ya betri ni chaneli: makundi mengi hukodi vifaa vya aina moja, na pale penye msongamano watu wako huanza kusikia Kihispania. Chaneli ya pili inaandikwa nyuma ya beji ya kila mtu, ili nikisema "hamieni ya pili" pasiwe na maswali.

Maji ni lita moja na nusu kwa kila mtu, nusu ya chupa zikiwa zimegandishwa usiku. Habari ya viatu imeshasemwa jana jioni, maana asubuhi mabegi yamefungwa. Soli ya mpira yenye meno, basi. Marumaru ya Efeso imesuguliwa kwa karne nyingi, inateleza hata ikiwa kavu, na kiatu cha kuendea ibada Jumapili hakifai hata kidogo.

Saa 1:20 asubuhi

Basi linaondoka. Lango hufunguliwa saa mbili wakati wa kiangazi, na abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga Kuşadası huanza kumiminika kuanzia saa tatu hivi. Ile saa moja ya katikati ndiyo tunayoifukuzia. Ukichelewa nusu saa hotelini, hupotezi nusu saa tu, unaingia kwenye foleni ya mabasi ya meli na kukaa nyuma yao hadi chini.

Ndani ya basi natoa onyo moja, na nalirudia: hakuna kuokota jiwe. Mahujaji hupenda kubeba kipande cha marumaru kama kumbukumbu. Sheria namba 2863 inalinda mali za kale, na kipande kidogo kikionekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege kinaweza kumweka mtu mikononi mwa polisi wakati wenzake wanapanda ndege. Vivyo hivyo sarafu za "kale" zinazouzwa karibu na malango. Kama ni bandia umeibiwa, kama ni za kweli umevunja sheria.

Saa 1:50, lango la juu

Efeso ina malango mawili. La juu liko upande wa kusini-mashariki, la chini karibu na teatro, na barabara ya kale inateremka kutoka la kwanza kwenda la pili. Basi linatushusha juu na kuzunguka kutungojea chini. Anayesahau simu kwenye kiti ataiona tukifika lango la chini, karibu na adhuhuri, kwa hiyo tunahakiki mifuko kabla mlango haujafungwa.

Vyoo viko malangoni. Katikati kipo cha Warumi tu, kilichochongwa kwenye marumaru, kwa kutazama. Watu wote 24 waende sasa, hata anayesema hahitaji. Dakika kumi na tano. Wakati huo mwongozaji anakata tiketi: kiingilio cha mgeni mwaka 2024 kilikuwa Yuro 40, na bei hubadilika, basi ulizeni kabla ya kupanga bajeti. Nyumba za mtelemkoni, makazi ya matajiri wa kale, zina tiketi yake ya pili.

Saa 2:10

Mahujaji wamekuja kumfuata Paulo, na Paulo alikuwa hapa takriban kati ya miaka ya 52 na 55. Magofu mengi yanayopigwa picha yamejengwa baada yake. Hili lisiposemwa mwanzoni, mtu atarudi nyumbani akihubiri kwamba Mtume alisoma katika Maktaba ya Celsus, iliyojengwa miaka sitini hivi baada ya yeye kuondoka. Basi katika kila kituo naomba mwongozaji aanze na jambo moja: hili lilikuwepo, au halikuwepo?

Uwanja wa juu, ulio wa shughuli za serikali, ulikuwepo, pamoja na ukumbi mrefu wa nguzo uliowekwa wakfu mwaka 11 B.K. Odeoni iliyo pembeni, ile inayofanana na teatro ndogo, ni ya karne ya 2, haikuwepo. Hekalu la Kaisari Domitian halikuwepo. Mnara wa Memmius ulikuwepo, ni wa karne ya 1 K.K. Chemchemi ya Trajan, ambayo ina mguu wa Kaisari juu ya tufe la dunia, haikuwepo. Hekalu la Hadrian, halikuwepo. Watu huingiwa na huzuni kidogo kusikia "haikuwepo" mara nyingi hivi, lakini ikifika zamu ya kitu ambacho kweli kilikuwepo wanakitazama kwa macho mengine kabisa.

Vituo vya maelezo ni sita tu. Kingine chochote ni cha kupita na kutazama. Mwongozaji mwenye ujuzi huona uchungu kupita Pritaneo, jengo la wakuu wa mji, bila kusimama, mahali zilipofukuliwa sanamu za Artemi, mungu wa kike wa Efeso, mwaka 1956, lakini sanamu zenyewe tutaziona makumbusho mchana, chini ya kipoza hewa. Hakuna sababu ya kuzieleza mara mbili, mara moja juani bila sanamu.

Saa 3:00, Lango la Hercules

Hapa njia inabanwa na nguzo mbili. Ilikusudiwa hivyo, magari ya kukokotwa yasiteremke, na leo inabana watu. Sisimami kwenye lango lenyewe. Tunasimama hatua kadhaa kabla, upande wa kulia, tunatazama barabara ya Wakureti ikishuka hadi maktaba, tunapiga picha, halafu tunapita wote kwa pamoja. Hapa ndipo kundi hukatika: kumi wanapita, kundi jingine linajipenyeza, waliobaki wanafuata bendera isiyo yao. Kuna mtu wa mwisho aliyeteuliwa tangu hotelini, kwa kawaida kijana mrefu wa kwaya, na hesabu hufanywa kila baada ya kituo. Paka ni wengi na wamezoea kupapaswa. Wao pia huchelewesha msafara.

Saa 3:30, Nyumba za Mtelemkoni

Kundi linagawanyika. Nyumba hizi za matajiri ziko chini ya paa kubwa la kisasa, zina michoro ya ukutani na mozaiki ambazo hazina mfano mahali pengine Efeso, na kwa maoni yangu ndizo zinazostahili tiketi ya pili kuliko kitu chochote. Lakini ni ngazi kupanda, ngazi tena, na mahali pengine sakafu ni ya kioo. Mwenye goti bovu au anayeogopa kimo asiingie. Mwongozaji anaingia na wanaoweza, dakika arobaini. Mimi nabaki chini kivulini na wengine, na simwelezi mtu chochote kwa sauti ya kuhutubia, kwa sababu wakaguzi hupita.

Saa 4:15, Maktaba ya Celsus

Uso wa maktaba unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi ndilo linaloupiga vizuri. Baada ya adhuhuri uko kivulini na picha zinatoka na mbingu nyeupe nyuma. Iliagizwa na Gaius Julius Aquila kwa heshima ya baba yake, Celsus, ambaye kaburi lake liko chini ya jengo. Inakadiriwa iliweka magombo 12,000. Ukuta ulikuwa wa tabaka mbili zenye nafasi katikati ya kupitisha hewa, unyevu usifikie magombo.

Kinachosimama leo kilipangwa upya na wanaakiolojia wa Austria kati ya 1970 na 1978. Sanamu nne za kike ni nakala, za asili ziko Vienna. Mwambieni mtu atazame nguzo: za katikati ni kubwa kuliko za pembeni, na msingi umepinda kidogo, ili jengo lililobanwa kati ya majengo mengine lionekane pana. Kwenye ngazi kuna kinara cha matawi saba kilichokwaruzwa jiweni, alama ya Wayahudi waliokaa mjini. Ni kidogo na hukanyagwa na wasiojua.

Upande wa kulia wa maktaba liko lango la matao matatu la Mazeus na Mithridates, watumwa walioachwa huru na Augusto, la mwaka 4 au 3 K.K. Hili lilikuwepo. Linaingia kwenye soko la biashara, na kama kuna mahali pa kumwaza Paulo, fundi wa mahema, akinunua na kuuza, ni hapa. Ninawaachia dakika tano bila neno lolote redioni.

Saa 4:50, teatro

Inakadiriwa ilichukua watu 25,000. Hapa inasomwa Matendo 19: Demetrio mfua fedha, biashara ya vihekalu inayoharibika, na umati uliopiga kelele "Artemi wa Waefeso ni mkuu" kwa muda wa saa mbili. Msomaji amechaguliwa jana na amefanya mazoezi. Anasoma amesimama chini, sisi tumekaa safu za chini upande wenye kivuli kama kipo. Kuimba kwa sauti kubwa hutegemea askari wa zamu, kwa hiyo mwongozaji anaomba kwanza. Mama Mchungaji akianzisha pambio bila ruhusa, filimbi italia kabla ya ubeti wa pili.

Kutoka juu ya viti unaona barabara ya bandarini ikienda moja kwa moja kwenye majani. Bahari haipo. Mto Kaystros, unaoitwa sasa Küçük Menderes, ulijaza bandari kwa tope hadi pwani ikasogea kilomita tano au zaidi, na mji wa biashara usio na bandari ulikufa polepole. Anayetoka Kilwa au Lamu haelezwi mara mbili.

Saa 5:40 lango la chini, choo, hesabu, basi.

Saa 6:00 mchana

Hekalu la Artemi, moja ya Maajabu Saba ya kale, ni dakika ishirini tu: nguzo moja iliyounganishwa kwa vipande, bwawa, na wauza vitabu. Watu hukata tamaa, basi nawasimulia lilivyopatikana. John Turtle Wood, mhandisi Mwingereza, alianza kulitafuta mwaka 1863. Maandishi aliyoyakuta kwenye teatro yalieleza njia ya maandamano ya sanamu kutoka hekaluni kuingia mjini; akalitafuta lango lililotajwa, akaifuata barabara, na tarehe 31 Desemba 1869 akafika kwenye sakafu ya marumaru, mita sita chini ya tope. Juu ya nguzo kuna kiota cha korongo. Septemba kiko tupu, wenyewe wameshaanza safari ya kusini, na baadhi yao hufika Kenya na Tanzania.

Chakula Selçuk saa 6:40. Mishikaki midogo ya vijiti, inayoitwa çöp şiş, inajulikana sana hapa. Idadi na asiyekula nyama vimeshapigiwa simu asubuhi. Duka la mazulia linaloahidi chai ya bure halimo kwenye ratiba: ni saa nzima, na tunahitaji saa hiyo.

Saa 8:00 hadi 10:00, makumbusho ya Selçuk kwanza, kisha kilima cha Ayasuluk lilipo kanisa la Yohana alilojenga Kaisari Justinian katika karne ya 6. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka miwili hivi baadaye alipita mji huu huu. Alilikuta kanisa limekuwa msikiti wa Ijumaa, akausifu kwa marumaru zake za rangi mbalimbali na paa lake la risasi. Msikiti wa İsa Bey unaoonekana chini ya kilima hakuuona. Ni wa 1375.

Saa 10:30 jioni

Nyumba ya Bikira Maria iko mlimani, mita 420 hivi juu ya bahari, na tiketi ni yake yenyewe. Makundi ya meli huja asubuhi, alasiri pametulia. Ndani hakuna picha wala sauti. Waislamu nao huja, kwa heshima ya Bibi Maryamu, hivyo kina mama wanaovaa mitandio watawaona wenzao. Chupa tupu za asubuhi zinajazwa kwenye chemchemi.

Saa 1:30 usiku

Vipokezi vinahesabiwa, vinapanguswa kwa spiriti na kurudishwa kwenye chaji. Kisha natazama ratiba ya meli bandarini kwa ajili ya kundi la kesho. Ikiwa moja au hakuna, mpango ni huu huu. Zikiwa tatu au zaidi nageuza siku: makumbusho na kilima asubuhi, Efeso baada ya saa tisa alasiri abiria wakisharudi melini. Maktaba itakuwa kivulini na marumaru yatakuwa bado yanatoa joto, lakini Lango la Hercules litapitika. Dereva, mwongozaji na jiko la hoteli huambiwa usiku huohuo.