Kifuniko cha Jakuzi Kilichokunywa Maji

Katika nyumba ya wageni ninayoisimamia hapa Nakuru, kifuniko cha jakuzi, lile beseni kubwa la kujistarehesha katika maji ya moto, hunishughulisha kuliko mabomba na hita, kwa sababu kikiharibika, joto lote tunalolilipia umeme hupotelea hewani usiku. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua la Januari hukakamaza vinili, yaani plastiki ya nje ya kifuniko, mpaka ikapasuka kwenye mishono.

Mwaka jana kifuniko kilikuwa kizito kiasi kwamba watu wawili walikinyanyua kwa shida. Nilipofungua zipu, harufu ya ukungu ilinipiga usoni: plastiki iliyozunguka povu gumu la ndani ilikuwa imetoboka, na povu lenyewe limelowa chepechepe. Tulikuwa tukitia klorini na kufunika papo hapo, ilhali mvuke wake hula upande wa chini, ule usioonekana. Povu likishakunywa maji namna ile ni vigumu mno kulikausha, kwa hiyo tulilazimika kununua kifuniko kipya.

Sasa kila mwezi nakiosha pande zote mbili kwa sponji laini, maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha nakisuuza vizuri na kukianika kivulini. Jiki na brashi ngumu siziruhusu kabisa. Baada ya kutia klorini, jakuzi hukaa wazi kwa dakika 20 hivi kabla ya kufunikwa, na watoto wa wageni nawaomba kwa upole wasikikalie.