Mashine za stoo zimewaka leo maktaba

Jamani leo nina furaha!

Zile kompyuta za Pentium 4 zilizorundikwa stoo ya maktaba tangu enzi za Windows XP, tumezipangusa vumbi, tukatoa diski zilizokufa, tukavuta waya wa netiweki hadi kwenye seva moja (kompyuta kuu inayohudumia nyingine) yenye mfumo wa Linux na LTSP, programu ya kuwashia kompyuta kupitia netiweki, yaani mashine inawaka bila diski kabisa, mfumo wote inauvuta kwenye seva na kazi nzito inafanyika hukohuko.

Basi kuna mzee huwa anakuja kusoma magazeti tu.
Kakaa, kaandika jina lake kwa kidole kimoja, taratibu, halafu kamwita mkutubi aje aone.
Machozi yalinilenga.

Bado tunahitaji kibodi na mausi, mwenye nazo nyumbani asitupe, anicheki inbox. Na huko kwenu maktaba zikoje?