Kwa usalama tu

Leo siku ya sita na neno lile bado limenikaa kooni.

Harusi ya mdogo wao baba watoto imepita salama, watu walikula wakasaza, na jana kazini nimesaini ule mkataba wa miaka miwili niliokuwa nauombea. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo naandika habari za mto wa kulalia.

Usiku wa kuamkia harusi tulilala kwa wifi yangu mkubwa, Tegeta. Wifi anatandika chumba cha watoto, binti yangu kasimama mlangoni na gauni lake la kulalia, mikono wazi. Wifi akaona vipele. "Hivi ni nini, wifi?" Sikumficha. Nikamwambia ni kunguni, waliingia na tranka la kaka yake kutoka bweni, na tumeshaanza kupambana nao. Alikuwa ameshika mto, anampelekea mtoto. Akaurudisha kifuani kwake.

"Basi huyu mtandikie mkeka hapo koridoni. Kwa usalama tu."

Nikajibu, "Haya, wifi."

Haya, wifi! Kwenye daladala ya kurudi Tandika ndipo majibu yalipokuja, mengine mpaka usiku yananiamsha. Hiyo "tu" ilikuwa ya kunipoza au ya kunikata? Na mto je, aliuvuta bila kujua? Naye mwanangu, miaka sita, kalala pale mkekani akaniuliza, "Mama, usalama ni nini?"

Wifi si mtu mbaya, na kuogopa kunguni si kosa. Ila kunguni si chawa, hakai mwilini mwa mtu. Anakunywa damu dakika chache usiku, kisha anarudi mafichoni: kwenye mishono ya godoro, nyufa za kitanda, mikunjo ya begi. Sasa begi letu aliliweka mwenyewe pale pale chini ya kitanda cha wanawe! Angeniambia, "Wifi, begi libaki nje," ningemshukuru. Aliyetolewa nje ni mtoto.

Tena watu wanadhani kunguni ni uchafu. Anafuata damu, nyumba iliyodekiwa na isiyodekiwa kwake sawa. Na usione ngozi safi ukasema kitanda kiko salama. Baba watoto tumekuta vitone vya damu kwenye shuka upande wake, lakini hana hata kipele kimoja. Binti ndiye aliyefura, vipele vitatu vitatu vimepangana mkononi kama shanga.

Yule dada wa duka la dawa, niliyewahi kumwandika kipindi cha dengi ya 2019, alimkagua mkono wote taratibu, hakurudi nyuma hata hatua moja. "Mama, punguza hofu. Haijathibitishwa kwamba kunguni anaambukiza watu ugonjwa. Adui wako ni kucha." Mtoto akijikuna anachubuka, uchafu unaingia, kidonda kinatunga usaha. Akaniambia nimkate kucha, nioshe vipele kwa maji na sabuni, nimkande kwa kitambaa cha maji baridi, kisha nipake haidrokotisoni ya asilimia 1, kidogo tu, kwa siku chache. Akanipimia na dawa ya mzio ya kunywa kwa uzito wake, ya kutuliza muwasho. Nikiona panavimba, panakuwa pa moto, usaha au homa, nisingoje, nimpeleke hospitali.

Jumapili tulipotoka harusini hatukupumzika. Baba watoto akatoa chaga zote uani. Jirani akaja na ushauri wa mafuta ya taa, nikakataa, chumba wanacholala watoto hakimwagiwi mafuta. Tulichemsha shuka, nguo na lile begi, halafu birika baada ya birika kwenye nyufa za kitanda. Nilimulika kwa tochi ya simu pale tendegu linapoungana na ubao: mayai meupe, madogo kuliko chenga za mchele, yameganda yamejipanga. Yanaanguliwa baada ya siku 6 mpaka 10 hivi, kwa hiyo Jumapili ijayo tunarudia. Binti alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akiimba, anahesabu mabirika.

Na usiku wa kuamkia leo kalala! Nimeamka saa nane kwa mazoea, nikasikiliza ile sauti ya kujikuna, kimya. Nikamfunua mkono, vipele vimenywea, vimebaki madoa ya kahawia. Nimekaa pembeni yake mpaka adhana, sikuwa na usingizi wala sikuutaka. Nadhani wifi nitampigia, nimweleze lile begi. Sauti ikinikaa sawa.

Mama hajapiga. Kila Alhamisi akitoka kwenye kikoba hunipigia, na sasa ni saa nne usiku. Simu yake inaita mpaka inakata. Jirani yake anasema alimwona asubuhi akifagia uwanja, ila mchana hakumwona.