Dakika tano zinazonunua treni nzima

Reli ya mwendokasi inaporefushwa, watu hukimbilia ramani. Afadhali kuanza na ratiba, maana ndiyo itakayosema treni ngapi zinunuliwe.

Tuseme safari ya sasa ni dakika 120, treni inatoka kila nusu saa, na inakaa dakika 30 kila inapogeuza. Mzunguko mzima ni dakika 300. Gawanya kwa 30, unapata treni 10. Ongeza kipande cha dakika 35 kwenda na 35 kurudi. Mzunguko unakuwa 370, na jibu ni 12.3. Treni hainunuliwi vipande, kwa hiyo zinahitajika 13, ukiacha za akiba zilizo karakana. Kipande hicho kingechukua dakika 30 tu, treni 12 zingetosha.

Dakika tano hizo mara nyingi zimefichwa kwenye kituo kimoja. Treni inayokwenda kilomita 300 kwa saa hupoteza kama dakika moja na nusu ikifunga breki, mbili ikiwa jukwaani, na mbili na zaidi kidogo ikirudisha mwendo. Karibu dakika sita. Anayeomba kituo cha katikati aonyeshwe hesabu hii kwanza. Tena kituo kiwe mahali watu walipo: Haute-Picardie nchini Ufaransa kilijengwa mashambani, kati ya Amiens na Saint-Quentin, bila kuunganishwa na reli ya kawaida.

Kishawishi kinachofuata ni kupunguza muda wa kugeuza. Tokyo wasafishaji humaliza treni ya shinkansen, yaani treni ya mwendokasi ya Japani, kwa dakika 7, lakini wana kikosi kilichofunzwa na zamu zilizopangwa kwa ajili hiyo. Ukipunguza muda bila maandalizi hayo, treni iliyofika imechelewa dakika 10 itaondoka imechelewa pia, na ucheleweshaji utazunguka nayo hadi jioni.

Kituo kikikubalika, kipewe reli nne: mbili za kati kwa treni zinazopita, mbili za majukwaani. Hata hivyo treni inayopitwa itasubiri. Kama nafasi kati ya treni na treni ni dakika tatu, itakaa angalau sita, tatu kabla ya kupitwa na tatu baadaye. Hapa kosa baya ni kubana fedha kwenye swichi, yaani mahali treni inapohama kutoka reli moja kwenda nyingine. Swichi ya kilomita 80 kwa saa huilazimisha treni ianze kupunguza mwendo ikiwa bado reli kuu, na treni ya nyuma inakuta njia haijafunguka.

Kasi nayo inunuliwe pale inapotumika. Kona ya kilomita 300 kwa saa hutaka nusu kipenyo cha mita 4,000 hivi. Kwa 200, hata 1,800 zinatosha, kwa kuwa kipimo hupanda kwa mraba wa kasi. Kwa breki ya kawaida, kilomita saba za mwisho kabla ya kituo kikuu treni tayari inapunguza mwendo. Kubomoa mtaa au kuchimba handaki hapo ili kona ifae kasi ya 300 hakuokoi hata sekunde moja. Uswisi walipofungua reli ya Mattstetten–Rothrist mwaka 2004, waliijenga kwa kilomita 200 kwa saa, kwa sababu kasi hiyo ilitosha kuishusha safari ya Bern hadi Zürich chini ya saa moja, abiria wakawahi treni za kuunganisha.