Kiwanda cha wayaringi kikipanuka wanaajiriwa watu

Mi nafanya umeme wa magari hapa Gerezani, Dar es Salaam, na kila nikifungua dashibodi nakutana na lile fungu zito la waya, ndo wayaringi yenyewe, limezungushiwa tepu nyeusi, kila kichwa cha waya kimekaa kwenye tundu lake kwenye soketi. Vile vichwa vingi vimechomekwa na kidole cha mtu, kasukuma mpaka kikalia ka! Waya ni kitu laini, unajikunja, roboti inapata tabu kuupitisha, ndo maana hadi leo wayaringi inalazwa kwa mkono juu ya ubao uliochorwa njia ya kila waya, huyu anaweka huu yule anaweka ule, mwingine anapiga tepu, mwisho wanapima kama umeme unafika kote. Na gari moja ya kisasa ina waya zaidi ya kilomita moja jamani.

Sasa angalieni Moroko. Renault walifungua kiwanda Tangier 2012, Peugeot wakaja Kenitra 2019, lakini ajira nyingi ziko kwa watengeneza spea waliowazunguka, akina Yazaki, Lear, Sumitomo na Leoni, wote hao wanatengeneza wayaringi na kwenye laini zao za uzalishaji wamejaa mabinti. Sekta nzima inaajiri watu zaidi ya laki mbili. Vita ilipoanza Ukraine 2022 viwanda vya waya vya kule vikasimama, Volkswagen kiwanda cha Zwickau, Ujerumani, wakasimamisha kutengeneza magari kwa sababu ya waya tu!

Kwetu Tanzania malori yanaunganishwa Kibaha na mi nafurahi sana, ila kuunganisha peke yake hakuajiri wengi maana vipande vingi vinashuka na kontena vimeshatengenezwa. Ajira iko kwenye kutengeneza hivyo vipande. VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanafundisha umeme wa magari kila mwaka, vijana wanamaliza wanakuja kujibana huku gereji fundi watano gari moja.

Najua kazi ya laini inachosha, kusimama kutwa, na mwekezaji akiachiwa atalipa kiduchu, hapo serikali na vyama vya wafanyakazi wasimame toka siku ya kwanza mkataba unaposainiwa.

Mi ningeanza na wayaringi za bodaboda na bajaji, ni fupi, waya zake chache, na zinaungua kila siku, wateja tunao barabarani tayari.