Jedwali la ngeli halina kosa

Siku hizi kulilaani jedwali la ngeli kumekuwa fasheni. Mgeni anayejifunza Kiswahili apewe mazungumzo tu, wanasema, ngeli zitamwingia zenyewe. Haziingii. Baada ya miezi kadhaa ataagiza chai vizuri kabisa, lakini bado atasema "kitabu yangu imepotea", na kwa kuwa kila mtu anamwelewa, hana sababu ya kujirekebisha.

Mtindo wa zamani nao ulimkaririsha ngeli zote, A-WA hadi PA-KU-MU, kabla hajatamka sentensi moja. Mazoezi ya umoja na wingi yalienda midomo ikicheza, akili imelala: ingiza neno la kubuni, "kibumu", utasikia "vibumu vimeanguka" bila mtu kushtuka.

Afadhali weka mezani vikombe 2, mikate 2, maembe 2. Ngeli 3, basi. Ficha kitu, aulize: "Kikombe kiko wapi?" Akisema "imepotea", usitaje kanuni, mrudishie "Kimepotea? Kimepotea lini?" mpaka aisikie ki-. Jedwali lije mwishoni, alichore mwenyewe.

Kifaru subirisha: umbo ni la KI-VI, ila "kifaru amekimbia", si "kimekimbia". Mkorofi zaidi ni rafiki. "Rafiki yangu amefika": maneno matatu, upatanisho wa aina mbili, "yangu" kama ya nyumba, "amefika" kama ya mtu.